Ninachokiona chumba cha vidonda masika yanapoingia

Mimi ni muuguzi. Zahanati yetu iko pembeni ya Barabara ya Bagamoyo, huku Tegeta, Dar es Salaam, kwenye kipande ambacho malori ya kokoto, mchanga na saruji yanaanza kupishana kabla ya adhana ya alfajiri. Kazi yangu ni ya chumba cha vidonda: kuosha, kushona, kufunga, kuchoma sindano, na kuandika rufaa pale jambo linapotuzidi uwezo.

Ukikaa chumba hiki unajua msimu bila kutazama kalenda. Wakija vijana waliotobolewa nyayo na misumari, ni Aprili. Akiletwa fundi aliyedondoka kutoka kwenye kenchi, mara nyingi ni Julai au Agosti. Na siku benchi la nje likijaa bodaboda wenye michubuko mibichi ya viwiko na magoti, usiku wake imenyesha mvua ya kwanza ya vuli.

Naandika sasa, Februari inapoishia, kwa makusudi. Kwetu pwani masika ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo yenye maji mengi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mwelekeo wa msimu mapema, na mwenye kiwanja anaisikiliza taarifa hiyo vizuri sana: anaamua apaue sasa au asubiri, anunue turubai, ahamishe mifuko ya saruji isigande. Saruji inawekewa mpango. Ninachoomba ni kwamba na miguu ya anayeibeba iwekewe mpango.

Nianze na jambo ambalo watu wengi hawalijui kabisa. Masika yaliyopita alikuja kijana anachechemea, viatu kavishika mkononi. Akaniambia, "Nesi, nina fangasi. Hizi gambuti zimeniharibu." Nikamkalisha, nikainua mguu kwenye taa. Haikuwa fangasi. Juu kidogo ya kifundo cha mguu, pale mdomo wa gambuti unapokwaruza, palikuwa na mduara uliozunguka mguu mzima, ngozi ya kijivu inayoelekea weusi, laini, inabanduka ukiigusa na pamba. Chini yake palikuwa peupe. Nikapagusa, nikamuuliza kama anasikia maumivu. Akasema hapana, hapo hapaumi, panauma pembeni. Ndipo nilipoogopa, kwa sababu kidonda cha kuungua kisichouma maana yake kimeshuka chini sana.

Alikuwa amemwaga zege la ghorofa ya kwanza huko Madale juzi yake, kwenye manyunyu. Zege likamzidi urefu wa gambuti, likaingia ndani. Akaendelea mpaka magharibi. Nilipomuuliza kwa nini hakuvua aoshe, akanitazama kama mtu anayeulizwa kitu kilicho wazi: "Zege halilali, nesi."

Ni kweli halilali. Ukishaanza kumwaga slabu, husimami katikati. Lakini saruji ikikutana na maji inatoa ukali wa aina ya chokaa, na kipimo chake kinafika pH 12 hadi 13, wakati ngozi yetu iko karibu na 5.5. Haichomi kama moto, ukaruka. Inakula polepole, na wakati unaanza kusikia maumivu saa nyingi zimeshapita. Kiangazi tope la zege linakauka mguuni na mtu anajikung'uta. Masika linabaki bichi, gambuti imejaa maji, soksi imelowa, na mtu anasimama ndani ya dawa ile mchana kutwa. Kwa hiyo siku ya zege na mvua, kuwe na pipa la maji safi pembeni, si yale ya kuchanganyia. Likikuingia, vua hapo hapo, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 20 au zaidi, ndipo uvae kitu kingine. Usipake limau eti liue ukali, usipake dawa ya meno. Suruali ivaliwe juu ya gambuti, si ndani yake, ili zege lisipate njia. Kijana yule tulimpa rufaa, akaishia kuwekewa ngozi iliyokatwa pajani. Anatembea vizuri, ila msimu wote ule hakuingiza hata mia.

Misumari ni habari fupi lakini inaua. Mbao za kufungia zege zikishabanduliwa zinatupwa kiwanjani na misumari yake imesimama. Kiangazi unaiona. Mvua ikinyesha, tope linaifunika, na mtu aliyevaa ndala au katambuga anakanyaga msumari wa inchi nne unaoingia mpaka karibu na mfupa. Tundu ni dogo, halitoi damu nyingi, anaoshea maji ya bomba anaendelea na kazi. Wengine wanamiminia mafuta ya breki. Mdudu wa pepopunda anaishi kwenye udongo na samadi, na anapenda tundu refu, jembamba, lisilopata hewa.

Kuna jambo hapa ambalo kina baba walisikie. Wanawake tunachomwa chanjo ya pepopunda tunapokwenda kliniki ya ujauzito. Wanaume wengi mara ya mwisho walichanjwa wakiwa wachanga mgongoni mwa mama zao, na kinga ile haidumu maisha yote. Ndiyo maana kwenye saiti mwenye kinga hafifu zaidi ni huyo huyo anayekanyaga misumari. Njoo uchanjwe kabla hujakanyaga. Na wewe msimamizi, siku ya mvua isiyo na kazi ya nje, wape vijana nyundo wang'oe misumari kwenye mbao wakiwa chini ya paa. Namjua msimamizi mmoja, mama wa Kitanga, anafanya hivyo na anawalipa nusu siku. Sikumbuki mtu wa saiti yake aliyeletwa kwangu kwa msumari.

Mashimo sasa. Masika ndiyo watu wanachimba makaro, kwa sababu choo cha zamani kimefurika na mwenye nyumba hana subira tena. Udongo mkavu wa huku kwetu unasimama wima, unakudanganya. Ukishalowa unaachia bila kutoa sauti yoyote. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na ukiwa na maji inaongezeka. Mtu aliyefukiwa mpaka kifuani, kichwa kiko nje, anaongea na wenzake, bado anaweza kufa, maana kila akitoa pumzi udongo unabana na kifua hakipati nafasi ya kujaa tena. Shimo likipita urefu wa mita moja na kidogo, kingo zake ziegemezwe kwa mbao au zichimbwe kwa mteremko, na kifusi kiwekwe mbali na mdomo wa shimo. Watu wanakilundika pale pale ukingoni kwa sababu ndipo chepe inapofikia. Likimwangukia mtu, msirukie ndani wote, mtawafanya wawili. Piga Zimamoto na Uokoaji, 114, na mliobaki fukueni kichwa na kifua kwanza.

Na kuta za fensi. Huko Goba na Madale kwenye miteremko watu wamejenga kuta ndefu za tofali, upande wa juu umejazwa udongo, hazina hata tundu moja la kupitishia maji. Maji yakijaa nyuma ya ukuta yanatafuta pa kutokea. Ukiona ukuta umevimba tumbo au umepiga ufa wa mlalo, usiwaruhusu watoto wapite kando yake kwenda shule, hata kama ni wa jirani na mnaheshimiana. Mwambie.

Watu hupenda kuniuliza juu ya yale maghorofa: lile la ghorofa 16 la Mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka tarehe 29 Machi 2013 na kuua watu 36, na lile la Kariakoo la Novemba 2024. Wanauliza kama ni mvua. Mvua isisingiziwe kwa makosa ya watu. Mimi nazungumzia yale madogo yanayokuja kwangu kwa bajaji, mmoja mmoja, ambayo hakuna gazeti litakaloyaandika.

Barabarani hadithi ni ile ile, na tena vitu hivi viwili vimeshikana kuliko tunavyodhani. Pale njia ya vumbi ya mitaani inapokutana na lami, tipa linatoka saiti na matairi yamebeba udongo mwekundu. Likigeuka kuingia barabara kuu, linaacha tope lile kwenye kona. La pili linaongeza, la tatu linalipondaponda. Jua likiwaka ni vumbi tu. Yakishuka manyunyu, kona ile inakuwa kama imepakwa sabuni, na bodaboda anayekuja kutoka upande wa Bunju haioni, kwa sababu rangi ya lami iliyolowa na rangi ya tope, saa kumi na mbili jioni, hazitofautiani. Anakata kona, tairi la mbele linakimbia, abiria anatangulia. Nimeshona watu wengi wa kona moja hiyo hiyo. Mwenye saiti hajui kwamba yeye ndiye aliyewaangusha, na bodaboda hajui kilichomwangusha, anasema ni shetani wa kona. Dawa yake ni chepe, fagio na vibarua wawili jioni kabla ya kufunga kazi. Kuna saiti wanamwaga kokoto pale kwenye geti ili tairi lijisafishe kabla ya kugusa lami, na hiyo nimeona inasaidia sana.

Mvua ya kwanza baada ya ukame ndiyo mbaya kuliko ile ya wiki ya tatu. Miezi yote ya jua, lami imekunywa mafuta ya injini, vumbi na mpira wa matairi. Manyunyu ya mwanzo hayasombi chochote, yanachanganya tu. Mvua kubwa ikishapiga saa nzima, barabara inakuwa afadhali. Ndiyo maana nawaambia vijana wa kijiwe chetu: mvua ya kwanza ikianza, simama kwenye kibanda dakika 30, kunywa kahawa, acha barabara ioshwe. Kwenye maji umbali wa kusimama unakaribia kuwa mara mbili, na breki ya mbele ikikandamizwa ghafla juu ya michoro ya pundamilia au mfuniko wa chuma, huna pikipiki tena.

Abiria nao wana yao. Helmeti ikilowa hawaitaki, wanasema inanuka, itaharibu nywele. Chukua kofia ya plastiki ya saluni, tia kwenye mkoba, vaa chini ya helmeti. Bei yake haifikii bei ya uzi wa kushonea kichwa. Na mkishuka kwa haraka kwenye mvua, shukeni upande wa kushoto. Bomba la moshi liko kulia, na kila masika nafunga mashavu ya miguu ya kulia ya kina mama waliorukia upande wowote ili wawahi barazani.

Maji yanayokatiza barabara nayasema kwa ukali kidogo, samahani. Tumeshaona Jangwani inavyofungwa kila Msimbazi ukifurika. Tumeshaona Arusha, Aprili 2024, gari la shule likisombwa na watoto wakapotea. Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanamwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaanza kuliinua gari dogo. Kina hicho ni chini ya goti. Na kwenye mtaa wetu huoni mtaro uko wapi wala chemba ipi imeibwa mfuniko. Dereva wa basi la shule akisema leo hapiti, mzazi asimpigie simu ya kumgombeza.

Kiini cha yote haya, kwa ninavyoona mimi, ni pesa ya siku. Fundi na kibarua wanajua hatari kuliko mimi. Kijana anajua mirunda iliyolowa inateleza. Anajua kamba ya jukwaa ikilowa na kukauka inalegea. Lakini analipwa kwa siku, na mvua ikimkalisha nyumbani, watoto wanakula nini? Anakaa chini ya mwembe wa saiti tangu saa moja asubuhi, ananyeshewa, saa sita mvua inakatika, na msimamizi anasema tuharakishe tufidie. Hapo ndipo wanapanda jukwaa ambalo hakuna aliyelikagua, na mashine ya kukatia nondo inachomekwa kwenye waya uliolala dimbwini. Wengi walioletwa kwangu masika hawakuumia mvua ikinyesha. Wameumia ndani ya saa mbili baada ya mvua kukatika.

Bodaboda ni vivyo hivyo. Hesabu ya bosi haina masika. Mvua inyeshe isinyeshe, jioni mwenye pikipiki anataka elfu zake, na ikifika saa mbili usiku kijana bado hajafikisha, atabeba abiria wawili, atapita kwenye maji, atakimbia. Ninyi wenye pikipiki, na mko wengi mnaosoma hapa, hebu kaeni na vijana wenu kabla ya Machi kwisha. Mpunguze hesabu siku ya mvua kubwa, au mhesabu kwa wiki badala ya siku ili siku mbaya ifidiwe na nzuri. Mama wa Kitanga niliyemtaja amefanya hesabu yake kwa kalamu: nusu siku kwa vibarua wote ni nafuu kuliko kusimamisha kazi kwa sababu ya mtu mmoja aliyevunjika nyonga.

Misimu mingine niipitie haraka. Hivi sasa tuko kwenye joto, na mwaka huu Ramadhani imeangukia humo humo. Nami nafunga, nalijua joto la saa nane. Kwa anayefunga na kubeba zege: anza kazi saa kumi na mbili asubuhi, maliza kazi nzito kabla ya saa sita, kunywa maji kidogo kidogo kuanzia futari mpaka daku badala ya kuyamaliza kwa mkupuo. Asiyefunga anywe kikombe kila baada ya robo saa au dakika 20 bila kungoja kiu. Kibarua mgeni ndiye wa kuangaliwa zaidi, kwa sababu mwili unahitaji wiki moja au mbili kuzoea joto. Mwenzako akianza kuongea ovyo, akayumba, mwili unawaka, usimpeleke kivulini umwache alale. Mmwagie maji mwili mzima, mpepee, mkimbize hospitali. Hiyo ni dharura, na mgonjwa dini imemruhusu kufungua.

Kipupwe, Juni mpaka Agosti, ni msimu wa kupaua. Kumekauka, hakuna joto, lakini upepo wa kusi unavuma, na bati likinyanyuliwa na upepo fundi analing'ang'ania kwa sababu ni la mwenye nyumba, linakwenda naye. Achia bati. Juni jua linazama karibu saa kumi na mbili na robo, kwa hiyo saa ile ya mwisho juu ya paa ni ya giza kuliko unavyodhani. Vuli na Desemba ni haraka: kila mwenye nyumba anataka kuhamia kabla ya Krismasi, na barabara ya Chalinze, Segera mpaka Moshi inajaa watu wanaokwenda nyumbani, madereva wakiunganisha safari bila kulala.

Ajali ikishatokea, tafadhali msimbebe mtu aliyeanguka kutoka juu kwa kumshika mikono na miguu kama gunia. Kama mgongo au shingo imevunjika, mnamalizia ninyi. Ng'oeni mlango au chukueni ubao wa zege, mumviringishe pamoja, kichwa na mwili kwa mstari mmoja, mumfunge na kanga. Nondo au ubao ukimchoma ukabaki ndani, usiuchomoe. Kata pande zinazoning'inia tu, au mlete nao. Na aliyegongwa na gari msimcheleweshe mkitafuta PF3 kwanza. Mtu mmoja aende polisi kuchukua fomu, wengine wamlete majeruhi. Damu tutaanza kuizuia kabla karatasi haijafika.

La mwisho ni la wenye saiti. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo na umekuwa ukifanya kazi tangu 2015. Mwajiri anatakiwa kujisajili, kuchangia, na kutoa taarifa mfanyakazi anapoumia. Lakini mara kwa mara naletewa kijana aliyeokotwa kijiweni asubuhi ile, jina lake hakuna aliyeliandika popote, na aliyemleta anazima simu akifika getini kwetu. Nunueni daftari la kurasa 48. Kila asubuhi andikeni jina, namba ya simu na ndugu wa kupigiwa, kila mtu asaini kabla hajashika chepe. Nikiwa nimemshikilia mtu mguu unaovuja, namba ya mama yake ndicho kitu cha kwanza ninachokitafuta.

Chanjo ya pepopunda inapatikana zahanati siku za kazi, asubuhi. Njooni na vijana wenu kabla ya Machi kuisha.